Miche Kumi ya Kipaimara

Mwaka 2015 nilidanganya kanisani, na uongo wangu ukaandikwa kwa peni ya bluu. Daftari lilikuwa na safu nne: jina, mtaa, idadi ya miti iliyopandwa, na safu ya mwisho yenye neno moja tu, "Inatunzwa?" Mwalimu wa kipaimara aliponifikia aliniuliza, "Kumi?" Nikasema kumi. "Inaendelea?" Nikasema inaendelea vizuri. Akaweka tiki. Jumapili yake nikavaa gauni jeupe, nikapigiwa vigelegele, mbuzi akachinjwa. Cheti changu hadi leo kiko ukutani sebuleni kwa bibi, kando ya picha ya marehemu babu.

Miche yenyewe nilikuwa sijaiona tangu siku niliyoipanda, wiki mbili nyuma.

Kwa msomaji ambaye si wa huku, nieleze kidogo. Katika Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT, yaani Walutheri wa Kilimanjaro, watoto wa kipaimara hupanda miti kabla ya kubarikiwa. Jambo hili lilivuma sana kwa ajili ya Askofu Fredrick Shoo, aliyewahi kuwa Mkuu wa KKKT, ambaye alihubiri habari za miti kiasi kwamba wengine walimwita Askofu wa Miti. Katika usharika wetu, juu ya Marangu, hesabu ilikuwa kumi kwa kila mtoto. Unajifunza Amri Kumi, unapanda miche kumi. Sisi watoto tulidhani ndiyo sababu ya hiyo kumi, na hakuna aliyetusahihisha.

Tulipanda Jumamosi moja ya Desemba, nyuma ya kanisa, kwenye mteremko unaoshuka hadi kwenye mfongo. Kila mtu alitaka kumaliza haraka kwa sababu mchana kulikuwa na mazoezi ya kuingia kanisani kwa maandamano, na hapo ndipo viatu vipya vilipokuwa vikionyeshwa. Nilichimba mashimo ya kina cha kiganja. Miche mingine niliishindilia na kiriba chake, ile nailoni nyeusi, maana kuichana kulikuwa kunachafua kucha. Nasema haya kwa aibu, lakini nayasema kwa sababu najua sikuwa peke yangu. Yaani kama ungefukua mteremko ule mwaka uliofuata ungepata nailoni nyingi kuliko mizizi.

Halafu kuna suala la Desemba yenyewe. Nyote mnaosoma hapa Moshi mnajua Desemba ya Wachaga. Wiki ya kumi na tano hivi magari yanaanza kupanda kutoka Dar, foleni inaanzia Himo, na migombani kunasikika muziki ambao mwaka mzima haupo. Harusi, ubatizo, kipaimara, kikao cha ukoo, kujengea kaburi, yote yanawekwa Desemba kwa sababu ndipo watu wapo. Na miti nayo huwekwa Desemba kwa sababu hiyo hiyo. Baba mdogo anashuka kwenye gari, anapewa mche, anapigwa picha ameshika jembe kwa mara ya kwanza tangu Desemba iliyopita. Tarehe tatu ya Januari wote wameshuka.

Kinachofuata ni jua. Mvua za vuli zimekwisha, masika ni Machi mwishoni kama Mungu akipenda, na katikati hapo kuna miezi miwili ya kiangazi ambayo mche wenye mizizi ya vidole viwili hauwezi kuivuka bila kunyweshwa. Nani anyweshe? Aliyebaki. Na aliyebaki ni bibi mwenye magoti mabovu, ambaye ana ng'ombe wa kukatia majani na migomba ya kupunguzia, pamoja na kijana mmoja mmoja ambaye nauli ya kuondoka haijapatikana.

Nilikuja kulielewa hili vizuri nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, darasani, jambo ambalo nalo linachekesha. Mwalimu alikuwa akieleza kihamba cha Kichaga kama mfano wa kilimo mseto unaosifiwa duniani: juu kabisa mruka na mringaringa vikitoa kivuli, chini yake migomba, chini yake kahawa, chini kabisa magimbi na majani ya ng'ombe, na samadi ya ng'ombe inarudi kwenye mgomba. Akataja kwamba mwaka 2011 FAO iliuingiza mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu kwenye orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa naona uani kwetu. Sikuwahi kujua kwamba ule ni mfumo. Nilidhani ni kwa bibi.

Lakini mwalimu alipofika kwenye mchoro wa ngazi zile nne za mimea, niliona kuna kitu hakikuchorwa, nacho ni mtu. Kihamba kiliwezekana kwa sababu kulikuwa na mtu anayelala humo. Aliamka, akapita, akaona mche umelala, akausimamisha. Hakuwa na siku ya mazingira. Wazee walizikwa humo humo kati ya migomba, kwa hiyo hata aliyekufa hakuondoka. Sasa kihamba cha babu yangu kina warithi wanne: mmoja Dar, mmoja Mwanza, mmoja Arusha, na baba yangu ambaye kazi yake ni ya kuhamahama. Anayelala humo ni bibi.

Mfongo nao ni hivyo hivyo. Ile mifereji ya maji inayotoka juu msituni na kushuka ikizunguka vilima ilichimbwa na watu wa koo miaka mingi kabla ya bomba, na ilikuwa na zamu: leo maji ni ya fulani, kesho ya fulani, na siku ya msaragambo kila nyumba inatoa mtu wa kuzibua. Usipokuja, zamu yako inarukwa. Mfongo unaopita chini ya kanisa letu bado una maji, ila siku ya msaragambo wanakuja wazee sita na vijana wawili. Hapo juu watu hupenda kuzungumzia barafu, na ni kweli inasikitisha: kati ya mwaka 1912 na 2007 mlima ulipoteza takriban asilimia 85 ya barafu yake. Lakini waliouchunguza mlima wanasema maji mengi ya mito na chemchemi zetu yanatokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, siyo barafu. Maji hayo ndiyo yanashuka hadi Nyumba ya Mungu, kisha Pangani, yakazungusha mitambo ya umeme. Barafu siwezi kuirudisha. Mti na mfongo viko ndani ya uwezo wa mtu mwenye jembe, na labda ndiyo maana tunapenda zaidi kuzungumzia barafu.

Basi. Agosti 2023, likizo ndefu, niko nyumbani. Bodaboda aliyenipandisha kutoka Marangu Mtoni alikuwa kijana tuliyesoma naye kipaimara. Aliishia kidato cha nne. Njiani tulipiga stori za kawaida. Akaniuliza chuo kikoje, nikamlalamikia bumu linavyochelewa, akacheka akasema yeye bumu lake hutoka kila abiria anaposhuka.

Jumapili, baada ya ibada, tulitoka nje kama kawaida kwa mnada. Wasiojua: sadaka za mazao, ndizi, maziwa, mayai, kuku, zinapigwa mnada pale nje ya kanisa, na ndizi za sadaka hununuliwa kwa bei ambayo sokoni utaitwa kichaa. Kabla mnada haujaanza, mzee wa kanisa mmoja, mwalimu mstaafu, akapanda ngazi akiwa na daftari. Nikalitambua lile daftari kwa jalada lake. Alilikuta kwenye kabati la ofisi walipokuwa wakitafuta stakabadhi za bati. Akasema, kwa upole mkubwa ambao ulinitisha kuliko ukali, kwamba kwa mujibu wa madaftari ya miaka yote nyuma ya kanisa kunatakiwa kuwa na msitu. "Sasa mimi nimepita kule jana," akasema, "nikahesabu miti sitini na tatu. Naomba wenye miti wanisaidie kuniambia mingine imekaa upande gani, kwa sababu macho yangu ni ya uzee."

Watu walicheka. Akaanza kusoma majina. Aliyepo alitakiwa kwenda naye nyuma kuonyesha. Wengi hawakuwepo, wako Dar, wako Kenya, mmoja yuko Marekani. Kila jina likisomwa, watu wanaitikia, "Hayupo." Kisha likasomwa langu.

Bibi alinishika mkono kabla sijapata la kusema. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Jumapili na alitembea mbele yangu kwa magoti yale yale mabovu, hadi nyuma, akanyoosha mkono kwenye mruka mmoja mzuri kuliko yote, umenyooka, kivuli chake kinatosha watu watano. "Huu hapa wa mjukuu wangu," akasema. "Huyu yuko chuo kikuu." Sijui alitoa wapi. Nadhani kwa miaka minane alipita pale akaamua kwamba mti mzuri kuliko yote hauwezi kuwa wa mtoto wa jirani.

Mzee akanitazama. "Ni wako, mwanangu?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Mara ya pili. Safari hii sikuwa na miaka kumi na minne.

Jina lililofuata mbele kidogo lilikuwa la yule kijana wa bodaboda. Akaja na kofia yake ya pikipiki mkononi. Akaonyesha mmoja kule chini, mmoja karibu na ukuta, mmoja karibu na mfongo. "Mitatu," akasema. Mzee akaandika tatu. Kijana akaupita ule mruka kama haupo, akarudi kwenye mnada. Lakini mimi nilikumbuka. Nilimwona kabisa, mwaka ule, Januari, akitoka shuleni na chupa ya maji ya lita moja na nusu, akiteremka nyuma ya kanisa. Tulikuwa tukimtania kwamba anapeleka uji kwa mgonjwa.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimwambia bibi, jikoni, akiwa anachochea moto. Nilitegemea atacheka, au atasema alijua siku zote, kama bibi wa kwenye hadithi. Hakucheka. Alikasirika hasa. "Umenisimamisha mbele ya wazee wa kanisa na mti wa mtu," akasema, na akakaa kimya mpaka chai ikachemka ikamwagika. Halafu akatoka nje kwenye mpaka wa kihamba, akakata isale, shina zima na majani yake, akanipa. Mchaga akikosa sana anaomba msamaha kwa isale; ukiletewa, ni vigumu mno kukataa. Mimi isale nililijua la kwenye mipaka na makaburi, na kwenye stori za ugomvi wa mashamba. Sikuwahi kudhani nitalibeba mwenyewe, tena hadi kijiwe cha bodaboda, mbele ya vijana kumi na wawili wenye midomo.

Aliliangalia, akaniangalia, akasema, "Kwa ajili ya mti?" Nikasema kwa ajili ya mti. Akauliza kama bibi ndiye amenituma. Nikasema ndiyo, lakini na mimi nimekuja. Vijana walipiga kelele kama nimekuja kuposa. Akalichukua, akalifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa mizigo, na jioni yake akalichomeka kando ya ule mruka. Limeshika. Lina majani mapya.

Jumapili iliyofuata nilimwambia mzee wa kanisa mwenyewe, pembeni, hakunisimamisha mbele ya watu. Akalifungua daftari, akakata ile kumi, akaandika sifuri kwa penseli. Nikamuuliza kwa nini penseli. Akasema peni ndiyo iliyotufikisha hapa.

Tangu hapo mambo yalibadilika, polepole na kwa mabishano mengi. Wazee walikubali, baada ya vikao ambavyo sitaki kuvikumbuka, kwamba watoto wa kipaimara wasipande tena Desemba. Wapande Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea, na wabarikiwe Desemba, ili tiki iwekwe baada ya miezi minane na siyo wiki mbili. Kulikuwa na waliopinga: wageni wa Dar watapanda nini? Mwinjilisti akajibu kwamba wageni wa Dar wakija Desemba watanywesha. Mpaka sasa sijaona baba mdogo anayependa kupigwa picha ameshika ndoo, lakini wapo wanaochanga, na michango ya Desemba iliyopita ilinunua tangi la lita elfu mbili la kuvuna maji ya paa la kanisa.

Kwenye kipande cha tambarare juu ya mteremko tulianzisha kitalu na bustani. Kitalu ni cha miti ya huku: mruka, mringaringa, msesewe, ambao magome yake wazee hutilia kwenye mbege, jambo lililoleta utani mwingi kwa kitalu cha kanisa. Mikaratusi ilikataliwa kabisa upande ule wa mfongo kwa sababu inakunywa maji kupita kiasi. Bustani ni mnafu, mchicha na figiri. Mboga zinaingia kwenye mnada wa Jumapili na fedha yake inanunua viriba na kulipia waya wa uzio. Nilikuwa nadhani bustani ni pambo la mradi. Siyo. Mboga inataka maji kila siku, kwa hiyo mtu anakuja kila siku kwa ajili ya mboga, na akiwa pale anaona mche umelala. Mti peke yake haumwiti mtu. Mnafu unamwita.

Maji yalitutia kwenye ugomvi. Tulianza kuchota kwenye mfongo bila kuuliza, tukidhani kazi ya kanisa haihitaji zamu, na majirani wa chini walikuja Alhamisi moja na mapanga mkononi, mapanga ya kukatia majani lakini mapanga. Walikuwa na haki. Ikabidi usharika uombe zamu kama nyumba nyingine yoyote na kutoa mtu wa msaragambo. Tulipewa Jumamosi asubuhi, zamu ambayo hakuna aliyeitaka. Na hapo ndipo ilipojulikana kwamba Jumamosi asubuhi watoto wa shule wako kwenye masomo ya ziada, wazee wako msibani, na mtu mwenye nafasi ni mwanafunzi wa chuo aliyeko Moshi mjini, saa moja na kidogo kwa gari.

Sisi tunafikiri tuko mbali na nyumbani kwa sababu tumepanga hosteli. Mimi nimekaa mwaka mzima mjini hapa bila kupanda Marangu, huku nikiposti mlima kila asubuhi ukiwa wazi. Chuoni kwetu nimeshapanda miti mara mbili, nikapewa fulana mara mbili. Fulana zote mbili ninazo. Miti sijui ilipo, na wewe uliyekuwa nami siku ile naomba usiniambie kwamba unajua.

Aprili 2024 nilipanda miche yangu kumi upya. Mashimo ya futi mbili, udongo wa juu umetengwa na wa chini, samadi ya ng'ombe wa bibi, kiriba kimechanwa na kutupwa kwenye mfuko. Matandazo ya majani makavu ya migomba. Januari niliweka kwenye kila mche chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko kwa sindano na kupinduliwa, ufundi niliofundishwa na yule kijana wa bodaboda, ambaye aliufundishwa na mama yake. Niliruka Jumamosi mbili kwa sababu ya mitihani, na moja kwa uvivu tu, nasema ukweli.

Mwezi wa pili mwaka huu mzee alipita na daftari. Miwili ililiwa na mbuzi, mmoja ulikauka, mmoja mchwa waliuingilia chini bila mimi kujua hadi nilipoushika ukaanguka. Akaandika sita, kwa penseli. Bibi alikuja mwenyewe kuihesabu, mmoja mmoja, akiigusa kwa fimbo yake, kisha akahesabu tena.

Zamu yangu ni Jumamosi hii. Gari la kwanza la Marangu huwa napandia stendi kabla ya saa moja asubuhi, nakaa upande wa dirisha. Mwenye ndoo aje nayo. Zile za kanisani mbili zimetoboka.